Tumba Nililoshindwa Kulikata

Mzee alinionya mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ameinama juu ya chungu, kidole chake kimegusa tumba lenyewe: kitu kidogo chenye manyoya, ukubwa wa zabibu, kimelala katikati ya majani kama yai kiotani. "Likate hili, mwanangu," akasema. "Likate leo. Ukingoja kesho utakuwa umeshalipenda." Mara ya pili ilikuwa kwa simu, wiki moja baadaye. Aliuliza hali ya mmea kabla ya kuuliza hali yangu. Nikamjibu kwamba nimeshalikata.

Sikuwa nimelikata. Asubuhi tatu mfululizo nilisimama mbele yake na mkasi mkononi, na asubuhi zote tatu mkasi ulirudi droo ukiwa mkavu. Nilikuwa nimeisubiri rangi ile miaka minne. Kumwambia mtu aliyesubiri miaka minne akate ua lake la kwanza ni sawa na kumwambia aliyefunga kutwa nzima asimame aondoke jua linapozama.

Mmea ninaousema wataalamu huuita Meconopsis. Sisi wengine tunasema mpopi wa buluu, au mpopi wa Himalaya. Ukistawi, shina lake hufika kimo cha mita moja. Majani yake yamefunikwa vinyweleo vinavyoshika umande hadi mchana, na juu hukaa ua pana la petali nne au zaidi, nyembamba kama hariri iliyokunjwa vibaya mfukoni kisha ikakunjuliwa. Katikati pamejaa stameni, zile nyuzi zinazobeba chavua, za rangi ya dhahabu. Ua huinamisha uso kidogo, kama mtu anayesikiliza jambo asilotaka kuonekana akilisikiliza.

Kisha ipo rangi, na hapo Kiswahili hunipa raha na taabu kwa pamoja. Tunayo nili, lakini nili ni nzito, ina usiku ndani yake. Tunayo buluu, neno la kukopa, linalotumika kwa kila kitu kuanzia kalamu hadi ndoo ya plastiki. Na tunayo samawati, neno lililotujia kutoka Kiarabu likiwa bado limeshika mbingu mkononi. Maua mengi yanayosifiwa kuwa ya samawati ukiyasogelea ni zambarau iliyotiwa maji. Huu mpopi ndio mmea wa kwanza ulionifanya nilitamke neno hilo bila kujisahihisha. Humu nitaendelea kusema mpopi wa buluu kwa sababu ndivyo watu wanavyosema, ila moyoni nasema samawati.

Na kabla hujauliza: hapana, kasumba haitoki humu. Afyuni hutoka kwa ndugu yake, Papaver somniferum, aliye maarufu kwa sababu zake mwenyewe. Huyu ana kasumba ya namna nyingine, na nitaifikia.

Pakiti ya kwanza ya mbegu ilikuwa na maneno mawili yaliyonidanganya. La kwanza lilikuwa jina, la pili lilikuwa "wa kudumu". Nilisoma "mmea wa kudumu" kama mtu anavyosoma hati ya nyumba. Nikajiambia, nitapanda mara moja, nitavuna macho maisha yangu yote.

Ukweli ni kwamba spishi nyingi za jenasi hii hazidumu kabisa. Hukaa miaka miwili, mitatu, hata zaidi, zikiwa shada tu la majani yaliyolala ardhini, zikikusanya nguvu kimyakimya. Mwaka ukifika hutoa shina, huchanua kila kilichomo, huzaa mbegu, hufa. Meconopsis horridula, ule wenye miiba unaoota hadi zaidi ya mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, huishi hivyo. Zinazorudi mwaka hadi mwaka ni chache: M. betonicifolia, M. baileyi, M. grandis, na nyingine za kuhesabika. Na hata hizo hazirudi kama mwembe unavyorudi. Hurudi kama mgomba.

Nilichelewa sana kuuona mfano huo, na nilipouona nilijicheka, kwa sababu kila mtu anaufahamu mgomba. Shina moja la mgomba huzaa mkungu mmoja tu, na hapo kazi yake imekwisha. Kinachobaki ni tunguu lililo chini na machipukizi yanayolizunguka. Mtu akikuambia mgomba huu una miaka ishirini, hasemi juu ya shina unaloliona, anasema juu ya ukoo. Mpopi wa buluu ni vivyo hivyo. Shada la majani lililotoa ua hufa baada ya kuchanua, na mmea huendelea kwa machipukizi yaliyotoka ubavuni mwake. Sasa fikiria mche mchanga, wenye shada moja tu, usio na chipukizi hata moja, unaamua kuchanua. Umebeba mkungu bila kuacha mtoto. Ndiyo sababu mzee alitaka nilikate tumba: ukiuzuia kuchanua mwaka wa kwanza, nguvu hurudi chini na mmea hujigawa.

Niseme kwa haki kwamba jambo hili lina wapinzani. Wapo watunza bustani wazoefu wanaoliita ushirikina. Wao husema mmea wenye maji ya kutosha na udongo mzuri utatoa machipukizi ukichanua au usichanue, na mmea wenye kiu utakufa hata ukiukata matumba yote. Nimewasikiliza. Nadhani wana haki kwa bustani zao. Mtu ambaye mvua humnyeshea kiangazi kizima anaweza kudharau mkasi. Mimi siko huko.

Turudi kwenye lile neno la kwanza lililonidanganya, jina.

Pakiti iliandikwa Meconopsis betonicifolia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1889 na Adrien Franchet, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, kutokana na vielelezo vilivyokaushwa na mmisionari Jean Marie Delavay huko Yunnan, kusini-magharibi mwa China, mwaka 1886. Kwa muda mrefu ua hilo lilikuwa karatasi tu ndani ya kabati la makumbusho. Kisha mwaka 1913 afisa wa Kiingereza, Frederick Marshman Bailey, alikuwa akikatiza Tibet pamoja na mpima ardhi Henry Morshead. Walikuwa wakifuata mto Tsangpo kuona kama kweli ndio huohuo unaotokea Assam ukiitwa Brahmaputra. Bailey hakuwa mtaalamu wa mimea. Alikuwa askari na mpelelezi. Katika bonde la Rong Chu, karibu na Lunang, aliona mpopi mrefu wa buluu, akachuma ua moja, akalibana ndani ya kijitabu chake cha mfukoni, akaendelea na safari.

Ua moja ndani ya kijitabu. Mwaka 1924 Frank Kingdon-Ward, mtafuta mimea aliyeishi kwa kuuza mbegu za nchi za watu, alifika katika maeneo yaleyale akiwa na Lord Cawdor, akaukuta mpopi ule na kurudi na mbegu za kutosha. Mbegu zikaota Uingereza, watu wakazimia kwa mapenzi. Mwaka 1926 David Prain, aliyewahi kuongoza bustani za mimea za Kew huko London, akaupa jina rasmi: Meconopsis baileyi, mpopi wa Bailey.

Hii ndiyo kasumba niliyosema nitaifikia. Bonde lile lilikuwa na watu. Waliupita mpopi ule kila kiangazi wakichunga mifugo, wakaujua, na matabibu wa Tibet wamekuwa wakitumia mipopi ya jenasi hii katika dawa zao tangu kale. Aliyepita njia siku moja akachuma ua moja ndiye jina lake limeshika. Simlaumu Bailey kwa kuchuma, hata mimi ningechuma. Ninachosema ni kwamba kila ninapoandika baileyi kwenye kibao cha bustani, mkono husita kidogo.

Jina lenyewe halikutulia. Mwaka 1934 George Taylor alichapisha uchunguzi wake wa jenasi nzima, akasema mpopi wa Bailey na ule wa Delavay ni spishi moja, na kwa kuwa betonicifolia ni jina la zamani zaidi, ndilo libaki. Kwa miaka 75 bustani zote zikaandika betonicifolia. Mwaka 2009 Christopher Grey-Wilson akaitenganisha tena: ule wa Yunnan hutambaa chini ya ardhi, ule wa Tibet husimama kwa mafungu na tunda lake lina manyoya magumu. Karibu mimea yote tuliyokuwa tukiilea kwa jina la betonicifolia ilikuwa baileyi. Kwa maneno mengine, pakiti yangu ilikuwa na jina la mmea ambao karibu hakuna mtu aliyekuwa nao.

Kama hilo halitoshi, jina la jenasi nzima nusura lianguke. Meconopsis maana yake ni "unaofanana na mpopi". Lilibuniwa mwaka 1814 na Louis Viguier kwa ajili ya mmea wa Wales wenye maua ya manjano. Uchunguzi wa vinasaba mwaka 2011 ukaonyesha kwamba ule wa Wales si wa kundi hili hata kidogo, ni mpopi wa kawaida, Papaver, kama alivyosema Linnaeus tangu 1753. Mwenye nyumba alikuwa mgeni. Ilibidi wataalamu wakubaliane kulihifadhi jina kwa kuliegemeza kwenye spishi nyingine ya Himalaya, la sivyo mipopi yote ya buluu ingebadilishwa jina. Nilipoyasoma hayo nilihisi nafuu. Kama wao hawajui wameshika nini, mimi na pakiti yangu tuna kosa gani?

Kosa langu lilikuwa droo. Nilinunua mbegu, nikaziweka kwenye droo ya chumba chenye joto hadi nipate nafasi. Nafasi ilikuja baada ya miezi saba. Nikazipanda, nikazifukia vizuri kama mtu anayezika siri, nikamwagilia wiki nane. Hakuna kilichotoka. Mbegu za mpopi huu ni ndogo mno na uhai wake ni mfupi. Ukiziweka kavu ndani ya jokofu unaurefusha, ukiziacha kwenye joto unazifunga mlango. Halafu hazitaki kufukiwa. Hupandwa juu ya udongo, zikabanwa kidogo tu kwa kiganja, zikaona mwanga.

Mwaka wa pili ndipo nilipomfahamu mzee. Alinipa mbegu za msimu uleule, zimefungwa kwenye karatasi, na maelekezo manne: baridi kwanza, mwanga, unyevu wa chini kwa chini, na "usizionee huruma". Sikuelewa hilo la nne. Zikaota kama nywele za mtoto, mamia. Nilifurahi, nikaziacha zote, zikibanana. Baada ya siku kumi kinyausi kiliingia. Asiyekijua kinyausi amshukuru Mungu: ni ule ugonjwa wa kitaluni ambao miche hulala chini usiku mmoja, shina limekatika usawa wa udongo kama limebanwa kwa kucha. Jumatatu nilikuwa na msitu. Alhamisi nilikuwa na miche saba. Mmoja wa hiyo saba ndiye aliyekuja kuwa na tumba.

Sita iliyobaki iliondoka kwa njia mbalimbali. Konokono walichukua miwili. Mmoja niliukanyaga mwenyewe. Mitatu iliuawa na majira ya baridi, na kifo hicho ndicho kilichonifundisha zaidi ya vyote, kwa sababu nilidhani mmea wa milima ya theluji hauwezi kufa kwa baridi.

Haukufa kwa baridi. Ulikufa kwa maji. Milimani kwake, kati ya mita 3,000 na 4,000 hivi, mpopi huu hulala majira ya baridi chini ya blanketi la theluji, na theluji ni kavu. Kitako chake hakiguswi na maji kwa miezi. Mvua huja kiangazi, pepo za monsuni zinapopanda kutoka kusini, na hapo ndipo unapokua: katika ukungu, manyunyu, na jua la kubahatisha. Yaani kavu wakati wa baridi, maji wakati wa joto. Bustani nyingi za tambarare ni kinyume chake hasa. Baridi yake ni matope, kiangazi chake ni vumbi. Wahenga walisema mgomba changaraweni haupandwi ukamea, na mimi nilikuwa nimeujaza mgomba wangu matope miezi minne kisha nikaushangaa.

Ndiyo maana ukitafuta mahali mpopi huu unapojisikia nyumbani nje ya Asia, utaipata Uskoti mbele ya wote, kwenye bustani kama Dawyck na Branklyn, ambako kiangazi ni cha baridi na udongo ni wa asidi. Utaupata Jardins de Métis huko Quebec, ambako Elsie Reford aliulea karibu na mto St. Lawrence, ukifunikwa na theluji nene kila mwaka na kupozwa na hewa ya mto kiangazi. Utaupata Tromsø, kaskazini mwa Norwei, ndani ya mstari wa Aktiki. Ramani hiyo ukiitazama vizuri haina uhusiano mkubwa na kimo wala utajiri wa wenye bustani. Inafuata usiku. Mpopi huvumilia mchana wa joto kidogo, lakini usiku ukiwa wa joto huchoka, na mmea uliochoka huchanua kwa haraka kama mtu anayeandika wosia.

Mche wangu wa saba ulichanua namna hiyo.

Tumba lilipasuka saa za asubuhi. Sepali mbili zenye manyoya, yale maganda yanayolifunika tumba, zilitengana upande mmoja na nikaona mstari mwembamba wa rangi, kisha nikaenda kazini, ndiyo, nilikwenda kazini, na niliporudi jioni ua lilikuwa wazi. Sitalieleza. Nilikaa chini kwenye matofali hadi giza likaniondolea rangi polepole, manjano ya katikati likabaki likielea peke yake dakika chache baada ya petali kupotea.

Buluu hiyo imetengenezwa kwa kitu cha kushangaza, na nilikisoma usiku uleule kwa sababu sikuweza kulala. Kiini chake ni anthosianini, rangi ya asili ya mimea, ya jamii ya sianidini, na sianidini ndiyo hiyohiyo inayoyapa mawaridi wekundu wake. Katika waridi ni nyekundu, hapa ni mbingu. Wachunguzi wa Japani waliochambua petali za M. grandis walionyesha kwamba tofauti inaletwa na madini: ndani ya seli, molekuli za rangi hukamatana na chembe za chuma na kampaundi nyingine zisizo na rangi, magnesi nayo ikisaidia, na mkamatano huo wote ndio unaotoa buluu. Bila chuma, mchanganyiko uleule huangukia zambarau. Kwa hiyo nilichokaa chini kukitazama hadi giza kuingia kilikuwa, kwa namna fulani, waridi lililokunywa chuma.

Wapo wanaofukia misumari yenye kutu kando ya mipopi yao. Sijawahi kuona ikisaidia, na sidhani mmea unakosa chuma kama unavyokosa utulivu. Mpopi uliohamishwa juzi, au uliopata kiu, au uliopigwa na joto, mara nyingi huchanua zambarau hata kama mwaka uliopita ulikuwa buluu safi. Mwaka unaofuata, ukitulia, rangi hurudi. Wengi wameng'oa mimea mizuri wakidhani wameuziwa bandia.

Ua langu lilikaa siku sita. Siku ya tano pembe za petali zilikuwa zimeanza kuingia zambarau. Siku ya saba zilikuwa chini. Nikasema sawa, shina litakauka, majani yatabaki. Majani yakaanza manjano kutoka nje kwenda ndani. Mwezi uliofuata nilivuta kidogo kwa vidole viwili kuona kama mizizi imeshika, na kila kitu kikaja mkononi bila ubishi wowote, chepesi, kikavu. Nikatafuta kwenye udongo kwa ncha ya kisu. Hapakuwa na chipukizi hata moja.

Nilimpigia mzee nikaungama yote, pamoja na uongo wa simu. Alinyamaza kidogo. Halafu akauliza: "Lilikuwa la rangi gani?" Nikamwambia. Akasema, "Basi hukupoteza," na baada ya muda, kwa sauti tofauti kabisa, "ila mbegu zangu sikupi tena."

Hakunipa mbegu. Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, aliniletea kipande cha mmea ndani ya gazeti lenye maji: shada moja la majani, mizizi michache minene, na ndevu za mizizi midogo. Ni chotara, akasema, na hakizai.

Hapa historia inarudi mwaka uleule wa 1934, ambao kwa mipopi ulikuwa mwaka wa shughuli nyingi. Wakati Taylor akichapisha kazi yake, mtafuta mimea George Sherriff alikuwa mashariki mwa Bhutan akikusanya mbegu za mpopi mkubwa aliouandika kwa namba 600. Mwaka huohuo, huko Oxted kusini mwa Uingereza, mtu aitwaye Sheldon alikuwa akichanganya grandis na mpopi wa Bailey. Kutokana na michanganyiko ya namna hiyo zilizaliwa chotara nyingi ambazo leo ndizo zinazojaza bustani za Uskoti. Nyingi ni tasa. Tunda hufunga, mbegu ndani ni vumbi. Chotara moja, 'Lingholm', ilikuja kupata uwezo wa kuzaa na sasa huoteshwa kwa mbegu duniani kote. Zilizobaki hazina njia ila kugawanywa kwa mkono: unachimba, unatenganisha mashada, unapanda upya, unampa mwenzako.

Na hizo tasa ndizo zinazodumu. Nililipenda jambo hili kwa namna isiyo na heshima. Mmea usiotumia nguvu zake kwenye mbegu huzipeleka chini, kwenye machipukizi, hivyo hauhitaji kukatwa tumba kwa bidii ileile. Kipande nilichopewa ndani ya gazeti ni sehemu ya mmea uleule uliogawanywa na mikono ya watu kwa miongo mingi. Hakuna mtoto humo. Ni mmoja tu, yuko bustani elfu.

Mpopi wa Sherriff mwenyewe umepata jina jipya, nadhani ndilo ninalolipenda kuliko yote. Bhutan waliufanya mpopi wa buluu ua lao la taifa, na kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa grandis. Mwaka 2016 ule wa mashariki mwa nchi ulitangazwa kuwa spishi ya peke yake, na mmoja wa waliouandika alikuwa mtaalamu wa Bhutan. Wakauita Meconopsis gakyidiana, kutoka neno la Kidzongkha lenye maana ya furaha. Safari hii hakuna mpita njia aliyewekwa kwenye jina.

Kuna namna moja ya kuumiliki mpopi huu ambayo bado sijaamua kama naipenda. Longwood Gardens, huko Pennsylvania, ni mahali ambapo kiangazi huua mmea huu bila huruma. Kwa hiyo hawaulei. Kila mwaka huletewa mizizi iliyolala kutoka Alaska, huiweka baridini, kisha huiamsha taratibu ndani ya nyumba ya vioo, na mwanzoni mwa majira ya kuchipua watu hupanga foleni kuona mamia ya maua ya samawati kwa pamoja. Onyesho likiisha mimea imekwisha. Mmea wa kudumu wanaugeuza wa msimu mmoja kwa kudhamiria. Siku nyingine naona ni ufujaji. Siku nyingine nakumbuka yale matofali niliyoyakalia hadi giza, nafunga mdomo.

Kipande cha mzee nilikipanda upande wa bustani unaopata jua la asubuhi tu, kwenye udongo niliouinua kwa mboji ya majani ili maji ya baridi yapite yasikae. Majira ya baridi nilikifunika kwa kioo cha dirisha la zamani kilichoegeshwa juu ya mawe manne, hewa ikipita, mvua isipite. Jirani aliuliza nimezika nini. Kiangazi nilikinywesha jioni, na kukiwekea matandazo. Mwaka wa kwanza kilitoa majani tu. Sikulalamika.

Mwaka huu, katikati ya shada, limetokea tumba. Ni chotara tasa, ningeweza kuliacha, mzee mwenyewe alisema si lazima. Lakini shada lilikuwa bado moja, na mimi nimeshavuta mmea ukaja mkononi mwepesi, najua uzito wake. Nilingoja siku mbili. Siku ya tatu nilitoa mkasi droo, nikakata chini ya tumba, nikaona sitaweza kulitupa, nikalitia kwenye glasi ya maji dirishani jikoni.

Lilifunguka. Sikutegemea. Lilikuwa dogo, petali nne zilizopauka, zambarau zaidi ya samawati, na halikufika siku ya tatu. Nililipiga picha nikamtumia mzee. Akajibu kwa ujumbe: "Rangi mbaya. Umefanya vizuri."

Jana nimefukua kidogo kwa kidole kuzunguka kitako. Upande wa kaskazini kuna ncha mbili za kijani, zenye manyoya. Upande wa nyuma, chini ya jani linalooza, nadhani kuna ya tatu.